Mnara Unaobishiwa Hodi

Mangapwani, 14 Januari 2025

Mwalimu wangu Mzee Zahran,

Shikamoo. Nakusalimu wewe na mkeo Bi Arwa. Nakuandikia kwa karatasi kama ulivyotuzoesha, na barua nampa Silima, dereva wetu, anayeteremka mjini kila baada ya siku chache. Nilimpigia Bi Arwa wiki iliyopita nikamuuliza kama sasa umekubali kununua simu. Alisema hukusudii mpaka unazikwa, kwa sababu ya masikio yako. Kisha akaongeza kuwa masikio hayo hayo humsikia muuza urojo kabla hajaingia kichochoroni kwenu.

Kazi imeanza. Minara kumi na miwili ya kaskazini ya kisiwa imefungwa paneli za jua, betri mpya, na mita inayozungumza na kituo cha umeme. Kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi, hoteli za pwani huwasha viyoyozi kwa pamoja na gridi huelemewa. Hapo kituo huuambia mnara, na mnara ukijiona hauna kazi hulala. Huzima mitambo yake mikubwa, huacha sikio moja dogo wazi, na umeme wa paneli zake hurudi kwenye gridi ukasaidie kwingine. Minara jirani hunyoosha nguvu zake kuufunika. Haya ulitufundisha darasani kama mambo ya wajukuu wetu. Mimi nayaendesha leo nimekaa kwenye kiti cha plastiki.

Mnara wa Mangapwani ndio ulioonekana bora kuliko yote kwa kulala, maana simu zinazopigwa na kupokelewa hapa mchana hazifiki mbili kwa saa. Tunaujaribu kwa mwezi mmoja, na tarehe 15 Februari amri itakuwa ya kudumu. Unajua kuwa nimezaliwa hapa. Nilikuwa sijarudi tangu nina miaka kumi. Nyumba yetu ipo, nimeiona kwa mbali, bado sijaifikia.

Kuna jambo moja nataka unieleze. Mnara ukiwa umelala, hubishiwa hodi. Simu moja hugonga mara tatu, fupi fupi, kisha kimya. Haiwi kila siku. Juzi ilikuwa saa nane na dakika kumi, wiki iliyopita saa tisa kasoro. Namba yake siioni, sheria ya faragha inazificha. Sikio dogo huandika tu kwamba kuna aliyegonga, lakini kwa kanuni niliyoiandika mimi, simu isiyopokelewa haihesabiwi, kwa hiyo mnara hauamki.

Mkubwa, mlinzi wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, anasema ni wale waliofichwa chini ya ardhi hapa zama za biashara ya watumwa. Waliita hawakuitikiwa, sasa wamepata mnara. Kila Alhamisi anachoma udi chini ya nguzo. Nilimuuliza wanatumia mtandao wa kampuni gani, akanijibu: "We cheka tu, injinia. Wenzio wale hawaishiwi vocha."

Nikiwa naye nacheka. Nikibaki peke yangu kwenye kibanda cha mitambo, ile orodha siitazami. Ni hitilafu gani hii, Mwalimu?

Mwanao,
Ulfat Shaame


Kiponda, Mji Mkongwe, 18 Januari 2025

Mwanangu Ulfat,

Marahaba. Barua yako imefika, na Bi Arwa ameisoma kabla yangu, kwa hiyo kesi ya muuza urojo imeshahukumiwa.

Umefanya kazi njema, na kabla ya swali lako nataka ulione vizuri ulilolifanya. Gridi ya zamani ilikuwa kama mpakuaji wa pilau kwenye harusi asiyeinua macho. Sahani ikija anajaza, ya mtu mzima na ya mtoto sawasawa, na wanaokuja mwisho wanakuta ukoko. Gridi hii mpya ina mpakuaji anayetazama nyuso. Anamuuliza kila mmoja, umeshiba? Na mnara uliofunzwa vizuri hujibu kweli, nimeshiba, mpe mwenzangu. Uzuri wote wa kazi umo katika jibu hilo. Mnara ukisema umeshiba na kumbe haujashiba, hakuna mpakuaji atakayejua. Na mnara hausemi ila kile ulichofunzwa kuhesabu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja. Utoe mnara wa Mangapwani katika orodha. Ardhi ya huko ni ya mawe, karibu na pwani kuna mabonde, na nguvu za minara jirani hazishuki mabondeni. Weka mnara mwingine badala yake. Hodi usizishughulikie.

Hapa hatujambo. Nyumba ya jirani imekuwa hoteli, ukuta kwa ukuta nasi, na umeme ukikatika huwasha jenereta. Bi Arwa hufunga dirisha kwa sababu ya kelele. Mimi kelele yake inanituliza. Kinachonisumbua ni pale linapozimwa, ule ukimya unaokuja ghafla. Hapo huinuka kitini nikatembea mpaka ngazini na kurudi, na kama kuna mgeni husema miguu imekufa ganzi.

Mwalimu wako,
Zahran Majid


Mangapwani, 23 Januari 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Niwie radhi, safari hii nakubishia.

Habari ya mawe na mabonde nimeipima kwa miguu. Kuna sehemu mbili pwani ambako mtandao wa jirani ni dhaifu, ni kweli, lakini nyumba za huko ni chache, na mchana watu wake hawapigi simu. Nimetazama takwimu za miezi sita. Nikiutoa mnara huu bila sababu ya kuandika, wakubwa wangu wataniuliza, na mimi nitajibu nini? Kwamba mwalimu wangu hautaki? Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba fundi asiyeweza kuandika sababu yake hana sababu.

Lakini hodi umeniambia nisizishughulikie, na mimi siwezi. Nitakueleza kwa nini. Hili sijamwambia mtu.

Mwaka ule wa giza, kisiwa kizima kilipokaa miezi mitatu bila umeme, mama yangu alikuwa mjamzito. Ndugu zangu wa Jang'ombe walionilea husema tu kwamba Lamya alikufa kwa uzazi, na wewe pia umelisikia hivyo. Kilichobaki hawakisemi mbele yangu.

Hapa kwetu zamani hatukupiga simu, tulibipu. Bipu moja, nimefika salama. Mbili, bandika chungu. Tatu, kwa simu ya Bi Mwatum mkunga, maana yake uchungu umeanza, njoo. Baba alikuwa baharini. Mama alinipa simu akaniambia, mbipu Bi Mwatum mara tatu, kisha nishikie mgongo. Nikabonyeza. Simu ikatoa mlio mfupi, maandishi ya Kiingereza yakatokea, sikuweza kuyasoma. Nikabonyeza tena, na tena, kwa utaratibu, kama nilivyofunzwa. Nikamwambia mama, tayari. Akasema, ahsante mwanangu, atakuja.

Tulimngoja, Mwalimu. Sote wawili tulikuwa tunautazama mlango.

Baadaye watu wazima waliichukua ile simu, haikuwa na chaji. Asubuhi yake nilikuwa nimecheza mchezo wa nyoka. Shangazi akasema basi, mtoto amemaliza chaji kwa nyoka, kisha amebonyeza simu iliyokufa. Nikasema kioo kilikuwa kinawaka, nikaapa. Siku kadhaa baadaye baba alikwenda mjini kwa shughuli zake, na aliporudi alinitazama mara moja, akanambia nikusanye nguo, nitakwenda kukaa kwa shangazi. Yeye akahamia kwao Tumbatu.

Kwa miaka kumi na tano nimejiuliza kama kile kioo kiliwaka kweli, au nimekiwasha mimi mwenyewe kichwani baadaye. Sasa nimerudi, na mnara uliolala unabishiwa hodi mchana, tatu tatu. Siku hizi kila mtu ana bando na ujumbe wa sauti. Nani aliyebaki anabipu?

Nieleze kwa fizikia tafadhali. Nitaamini chochote utakachosema.

Ulfat


Kiponda, 25 Januari 2025

Mwanangu Ulfat,

Marahaba. Nimeipokea barua yako na nimeisoma. Nasikitika kwa yaliyokufika ukiwa mdogo.

Kuhusu hodi, angalia kiunganishi cha waya wa antena. Hewa ya chumvi hula viunganishi na kutoa ishara za uongo. Kuhusu mnara, nakukumbusha ushauri wangu wa mwanzo.

Sijisikii vizuri wiki hii. Bi Arwa anakusalimu.

Zahran Majid


Mangapwani, 3 Februari 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Viunganishi nilivikagua vyote. Ni vizima.

Jumamosi saa nane na nusu mnara ulikuwa umelala, mimi nimekaa kibandani. Sikio likaandika hodi. Ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu. Nilizitazama zikiandikwa mbele ya macho yangu. Kisha nikavua mtandio begani nikaifunika kompyuta, nikatoka nje kukaa na Mkubwa. Nakuambia hili kwanza ili ujue mtu anayekuandikia ni mtu gani.

Aliyekuwa anagonga ni Kurwa, binti wa Mkubwa mwenyewe. Anaishi kule bondeni pwani. Baba yake ananihadithia habari ya vijukuu vyake, na Kurwa, uchungu umemshika, anabipu kwa ajili ya roho yake hatua mia nane kutoka hapo.

Bi Mwatum hakupata kitu. Ilipofika saa kumi kasoro jirani wa Kurwa alikuja kwa miguu, kanga imeloa, akamkuta mkunga nyumbani kwake anachambua mchele na simu iko pembeni, kimya. Mtoto amezaliwa mzima, alhamdulillahi. Kurwa ametoka damu nyingi. Yuko hospitali mjini, na mpaka leo asubuhi hawajatuambia neno la kutuliza.

Mkubwa hajanilaumu, hajui. Ameendelea kuchoma udi.

Jana Bi Mwatum alinifuata kibandani. Amezeeka, lakini ulimi ni ule ule. Aliitazama kofia yangu ya kazi akaniuliza kama huyu ndiye injinia au ni kofia imekuja peke yake. Nikamwamkia. Nikamuuliza kwa nini mambo mazito kama haya watu hawapigi simu wakazungumza. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. "Mimi sipokei, mwanangu. Nikipokea nakula vocha ya mwenzangu, na mwenye uchungu ana nini cha kunieleza? Nikiziona tatu nachukua mkoba wangu, nshatoka." Wanawake wa hapa wote, hao wenye bando na wasio nalo, wakifikwa na uchungu humbipu hivyo. Ndivyo mama zao walivyofanya. Hodi za Januari nazo zilikuwa za wenzake Kurwa, waliomtuma mtu kwa miguu akawahi. Kwa takwimu zangu za miezi sita, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupiga simu. Kanuni yangu ilihesabu zilizopokelewa, na hapa salama ya mtu imo katika zile zisizopokelewa.

Kisha akanikazia macho. Akasema, wewe si mtoto wa Lamya? Nikasema ndimi. Akakaa kwenye kiti changu cha plastiki. Akasema Alhamisi ile aliyokufa mama, simu yake alikuwa nayo mkononi mchana kutwa, alikuwa ameichaji kwa betri ya gari, na haikulia.

Niliacha kazi nikaenda nyumbani kwetu. Mlango umefungwa kwa kamba. Nikasimama uani mpaka alasiri, nikizikokotoa zile dakika zote upya.

Mwalimu, wewe hukuwa mwalimu mwaka ule. Uliwahi kutuambia darasani kwamba kabla ya kufundisha ulikuwa unasimamia minara ya kaskazini. Umeme haukuwapo, minara ilikwenda kwa jenereta na dizeli ilikuwa ya kugawa. Na kabla hujaniuliza hata swali moja, ulishauri mnara huu usilale.

Nakuuliza. Alhamisi ya tarehe 11 Februari 2010, saa nane mchana, mtandao wa Mangapwani ulikuwapo?

Ulfat


Kiponda, 6 Februari 2025

Ulfat,

Haukuwapo.

Nimeianza barua hii mara nne. Kila mara nilianza kwa kukueleza hali ya dizeli ilivyokuwa, na kila mara nikaona ninajenga ukuta wa kujificha nyuma yake. Kwa hiyo nimeliweka jibu mbele. Yanayofuata uyasome ukitaka.

Dizeli ilikuja kwa mapipa, na mimi niligawa. Nilikuwa na karatasi inayoonyesha kila mnara umebeba simu ngapi kwa saa. Mangapwani, kuanzia saa saba hadi saa kumi mchana, ilikuwa sifuri, siku baada ya siku. Niliona saa tatu za dizeli zinaungua bila mtu. Nikaamuru jenereta la Mangapwani lizimwe saa hizo, na dizeli yake ipelekwe kwenye mnara wa mjini uliokuwa ukizihudumia hospitali. Lilikuwa wazo lile lile unalolitekeleza wewe leo, isipokuwa mita yangu ilikuwa kalamu. Nilijivunia. Nilipewa barua ya pongezi kwa kubana matumizi. Sikujua kwamba sifuri ile ilikuwa imejaa watu. Karatasi yangu nayo ilihesabu simu zilizopokelewa tu.

Kwa kosa hilo pengine Mungu angenisamehe, maana sikujua. Lakini si hilo linaloninyanyua kitini jenereta linapozimwa.

Wiki moja baada ya Alhamisi ile alikuja mtu ofisini. Alivua viatu mlangoni, ingawa sakafu yetu ilikuwa ya saruji tupu na sisi sote tumevaa viatu. Alikataa kukaa. Alisema, "Bwana, sikuja kumlaumu mtu. Mke wangu keshazikwa. Nnataka kujua kitu kimoja tu. Alhamisi saa nane, mtandao wa Mangapwani ulikuwapo?"

Daftari la mnara huo lilikuwa mezani, chini ya kiganja changu. Nililijua jibu bila kulifungua. Barua ya pongezi ilikuwa imefika asubuhi ile ile, bado iko kwenye bahasha. Nikamwambia, "Ulikuwapo."

Akasimama kidogo. Akasema, "Basi ni mtoto." Akanishukuru, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Sikuuliza ni mtoto gani. Nililielewa neno hilo siku chache baadaye, niliposikia kisa chenu kwa mafundi wa huko. Ningeweza kupanda gari siku hiyo hiyo nikamfuata baba yako. Nilisema nitakwenda kesho. Kisha niliacha kazi, nikampa mtu simu yangu, kwa sababu kila ilipolia nilihesabu milio. Masikio yangu hayana ubovu wowote.

Nilikutafuta. Nilijua uko Jang'ombe, nikajua skuli yako, na ulipofika chuoni nilikuwa nimeomba kufundisha pale. Ulidhani nilikuchagua uwe mwanafunzi wangu kwa sababu ya hesabu zako. Hesabu zako zilikuwa nzuri sana, lakini ningekuchagua hata kama zingekuwa mbovu. Nilijiambia kwamba ninakulipa. Kumbe nilikuwa nakutazama ukibeba mzigo wangu, nikikusifu kwa mwendo wako mzuri.

Ulipoandika habari ya hodi tatu nilijua ni nini, kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Nikakuandikia habari za mawe. Ulipoandika habari ya nyoka na kioo, nilikaa na barua yako siku nzima, kisha nikakuandikia habari za chumvi. Kama ningesema tarehe 18 Januari, Kurwa asingegonga mnara uliolala. Hodi zake ulizifunika wewe kwa mtandio. Mimi nimezifunika kwa miaka kumi na tano.

Nimeuchana ukurasa wa daftari, ninalo tangu siku niliyoacha kazi, nao umo ndani ya bahasha hii. Mwandiko utautambua. "Saa 7 hadi saa 10, imezimwa." Kioo chako kiliwaka, Ulfat. Maandishi yale ya Kiingereza yalisema hakuna mtandao. Ulibonyeza mara tatu kwa utaratibu, kama ulivyofunzwa.

Sikuombi kitu.

Zahran Majid


Mangapwani, 13 Februari 2025

Mzee Zahran,

Kurwa alitolewa hospitali jana. Anatembea kwa kushikwa.

Nimeibadilisha kanuni. Mnara wa Mangapwani bado utalala mchana gridi ikielemewa, lakini hodi moja, ya simu yoyote, ipokelewe isipokelewe, itauamsha, na bipu itapita. Minara yote kumi na miwili nimeifanya hivyo. Tutarudisha umeme kidogo kuliko tuliouahidi. Wakubwa wameniuliza sababu, nikawaandikia. Nimewaandikia pia kwamba niliziona hodi za Kurwa nikafunika kompyuta. Mkubwa nimemwambia kwa mdomo wangu. Amekaa siku mbili hasemi nami. Leo asubuhi aliweka kikombe cha chai mlangoni kwa kibanda, akaondoka. Sijui maana yake nini, na sitaki kuipa maana kabla yeye hajaipa.

Barua yako nilimsomea Bi Mwatum. Aliniomba radhi yeye, kwamba alisema matangani simu yake haikulia na hakufikiri neno lile litamwangukia nani. Nikamwambia alisema kweli. Akasema ndiyo, lakini alilisema kisha akaenda zake.

Usiku sikulia. Nililia mchana, uani kwetu, nilipokata ile kamba ya mlango. Ndani hamna kitu isipokuwa kitanda na ukuta. Nilikaa pale alipokaa mama, nikautazama mlango kutokea upande wake. Aliamini nimebipu. Hilo sikupata kulifikiria. Mpaka mwisho aliamini nimebipu.

Sijui nikufanyeje. Ulinifundisha kila ninachokijua, na kila siku uliyonifundisha ulikuwa unajua. Siwezi kuyatenganisha, na sijaribu tena kwa sasa. Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi.

Lakini lipo jambo moja utakalolifanya. Baba yangu yu hai, yuko Jongowe, Tumbatu. Kila Idi nakwenda kumpa mkono, ananipa, na uso anautazamisha pembeni. Hajanitukana hata siku moja. Angenitukana ningepumua. Swali lile alikuuliza wewe, ukamjibu, na kwa jibu lako aliishi. Sitaki kumwambia mimi, maana nitakuwa mtoto yule yule anayeapa kwamba kioo kiliwaka. Mjibu wewe.

Yeye husoma herufi za Kiarabu tu, mwandikie Kiswahili kwa herufi hizo, isipite kinywani mwa mtu mwingine. Na usimweleze. Wewe ni hodari wa kueleza. Mjibu swali lake.

Ulfat Shaame


Jongowe, Tumbatu, 16 Februari 2025

Bwana Shaame,

Assalaam alaykum.

Mimi ni Zahran bin Majid. Mwezi wa Februari mwaka 2010 ulikuja ofisini kwangu mjini, ukaniuliza kama Alhamisi saa nane mchana mtandao wa Mangapwani ulikuwapo. Nilikwambia ulikuwapo. Nilisema uwongo.

Haukuwapo. Ulizimwa saa saba kwa amri yangu, ukawashwa saa kumi. Simu aliyopewa binti yako ilikuwa na chaji. Alibonyeza mara tatu, kama alivyoambiwa na mama yake na kama alivyokwambia wewe.

Barua hii nimeileta mwenyewe, nimempa jirani yako akufikishie. Niko barazani kwako, viatu nimevua. Ukitaka niingie, nitaingia. Ukitaka niondoke, sema kutoka ndani, nitasikia.

Zahran bin Majid